Mzee Niliyemliza kwa Karatasi

Leo nimevuliwa nguo hadharani, na zilikuwa nguo nilizojishonea mwenyewe.

Naandika nikiwa jikoni hapa Kitengela, simu nimeiegemeza kwenye mkebe wa majani chai, na masikio bado yanawaka. Mama Shiro wa chama changu atawaletea habari hii na chumvi yake (najua tayari ameshaanza), kwa hivyo acheni mnisikie mimi kwanza.

Kwa wale ambao hawanijui vizuri: mimi ni fundi wa nguo. Nashona yunifomu za shule na kanzu za kwaya. Na naongea. Mteja akija kupimwa kiuno huondoka akijua hata jirani yangu alipika nini jana. Kwa miezi sita iliyopita nimekuwa nikisomea ukasisi wa jamii, ile kozi ya kufundisha watu wa kawaida kama sisi kukaa na wagonjwa, wafiwa na waliokata tamaa. Masomo kila Jumamosi katika ukumbi wa kanisa, mazoezi huko Kajiado. Ukifaulu unapewa cheti na beji.

Beji ndiyo nilikuwa naitaka! Bila beji, askari wa hospitali anakusimamisha getini na kukuuliza unauza nini. Na hospitali moja ya hapa mjini ilikuwa imeniandikia barua kabisa: nafasi ya kasisi wa kujitolea wodini ipo, nianze Jumatatu, mradi niende na cheti. Ile barua nimeibandika ukutani karibu na cherehani, kila mteja ameisoma (nimehakikisha).

Lakini haikuwa maringo peke yake. Mume wangu, Baba Kui, alipofariki, nyumba yangu ilijaa watu wa kuongea. "Kazi ya Mungu haina makosa." "Jikaze, uko na mtoto." Nilikaa katikati yao nikitamani mtu mmoja tu anayejua la kusema. Nikajiambia siku moja mtu huyo atakuwa mimi.

Sasa, mtihani wa mwisho wa kozi unaitwa ripoti ya neno kwa neno. Unapangiwa mtu, unamtembelea, halafu ukirudi unaandika kila kilichosemwa: yeye alisema hivi, mimi nikajibu vile. Huongezi, hupunguzi. (Kuniambia mimi nisiongeze!) Siku ya kuhitimu unaisoma mbele ya jopo na wageni wote.

Nilipangiwa Mzee Mutiso wa Kajiado, fundi wa kuchonga mawe aliyestaafu, aliyefiwa na mkewe mwaka huu. Nilienda wiki mbili zilizopita nikiwa na Biblia na pakiti mbili za tishu. Moja ya machozi yake, nyingine ya akiba. Nikamkuta jikoni ameketi, ungo magotini, anachagua ndengu. Nikamsalimia, nikajieleza, nikampa pole. Akaniangalia kwa muda.

"Kaa," akasema. "Chagua." Akanisukumia sinia.

Nikachagua. Baadaye nikauliza kwa ile sauti tuliyofundishwa, "Mzee, unajisikiaje siku hizi?"

"Mawe ni mengi," akasema.

Nikangoja. Hakuna kitu. Nikajaribu tena: "Ungependa kuniambia kidogo kuhusu mama?"

Akanyoosha kidole kwenye sinia yangu. "Hiyo ni jiwe."

Basi! Saa moja na nusu! Mimi, jamani! Maneno yalikuwa yananipanda kooni nayameza, yanapanda nayameza. Kuna wakati alishika gao la ndengu mkononi akakaa nalo tu, hachagui, haongei. Sikujua la kusema, kwa hivyo sikusema. Tulipomaliza akaniambia, "Asante. Enda salama." Nikarudi Kitengela nimekasirika hivi kwamba pakiti moja ya tishu niliisahau kwake.

Ripoti yangu ilikuwa na mistari sita. Sita! Pasta Kamande, mwenzangu wa darasa, alikuwa ameandika kurasa tisa na bado anaendelea. Nikakaa kwenye cherehani nikaiangalia ile barua ya hospitali ukutani. Nikachukua karatasi nyingine.

Kufika ukurasa wa pili, Mzee Mutiso alikuwa analia kwa kwikwi. Wa tatu, akanishika mikono yote miwili akasema, "Hakuna mtu amewahi kunifariji hivi." Wa nne tukaomba, na hata mbwa wake akaja akalala miguuni petu akatulia. (Msiniulize mbwa alitoka wapi. Hadithi ilikuwa inamhitaji.) Ukurasa wa tano, Mzee Mutiso akaokoka.

Nikaipeleka kwa mwalimu. Na nikalala usingizi mzuri kabisa.

Haya, leo asubuhi. Nikavaa koti jeusi nililojishonea, mgongoni nimedarizi kwa uzi wa dhahabu: KASISI WA JAMII. Mlangoni nikakutana na Mwalimu Naserian, mkuu wa kozi, mama wa Kimaasai aliyekuwa nesi miaka mingi na ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Akasoma mgongo wangu herufi kwa herufi.

"Umepita tayari, Mama Kui?"

"Kwa imani, Mwalimu!"

Akasema "mm" akaingia ndani.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Akina mama wa chama changu walikuwa wameketi safu mbili wakiongozwa na Mama Shiro, wote na vitambaa vya kichwa vya rangi moja (nilivishona mimi), na mbele yao keki kubwa yenye jina langu. Mwalimu Naserian akasimama, akatusalimu kwa Kimaasai. "Sopa!" Tukajibu, "Epa!" Akatukaribisha, akaeleza ratiba, halafu akaongeza kwa ile sauti yake ya chini:

"Mwaka huu tumewaalika pia wale mliowatembelea. Wengine wamefika. Wengine wako njiani."

Koti likanibana ghafla. Nikageuza shingo nikakagua ukumbi kiti kwa kiti. Mzee Mutiso hayuko. Nikahesabu: kutoka Kajiado, apite Isinya, ndipo afike hapa. Nikainamisha kichwa nikaomba. Nisiwafiche nilichoomba. Niliomba lori liharibike Isinya. Lisiumize mtu, likae tu katikati ya barabara. Mtu anayetaka kuwa kasisi!

Pasta Kamande akasoma kurasa zake tisa. Kwa mara ya kwanza nilitamani zingekuwa kumi na tisa. Akafuata dada mmoja mpole aliyesoma ukurasa mmoja na nusu. Kisha jina langu. Chama kikapiga vigelegele, nami nikapanda mbele, nikaangalia mlango. Umefungwa. Nikaanza kusoma.

Ukurasa wa kwanza ulienda vizuri, kwa sababu ulikuwa wa kweli: nilifika, nikamsalimia. Ukurasa wa pili, Mzee akaanza kulia. "Woi, pole jamani," akasema mama mmoja. Nikapata nguvu. Nikazisoma zile kwikwi kwa hisia, hata nikanyamaza kidogo mahali pake.

Mlango ukafunguliwa.

Mzee Mutiso. Sweta la kijivu, kofia mkononi, kiondo begani.

Nikajiambia, sawa, ataketi nyuma, masikio ya uzee hayo, hatasikia. Lakini nyinyi mnajua desturi zetu. Mzee hawezi kuketi nyuma! Vijana wawili wa kupokea wageni wakamshika mkono, wakamleta polepole katikati ya ukumbi mzima, watu wakampisha, wakamwekea kiti mbele kabisa. Mate yangu yangeweza kumfikia. Akaketi, akaweka kiondo magotini, akaniangalia.

Nikashusha sauti mpaka nikawa kama naongea na kifua changu.

"Sauti, dada!" Huyo ni Pasta Kamande, mfawidhi wa siku. Akaja na kipaza sauti, akanishikia mwenyewe mdomoni, Mungu ambariki.

"Halafu mzee... huyu mzee mmoja... akanishika mkono," nikasoma.

"Mikono yote miwili," akasema Mwalimu Naserian. Alikuwa na nakala yangu mezani na penseli mkononi. "Na umeruka mistari mitatu. Soma ulivyoandika."

Nikasoma nilivyoandika. Jasho lilikuwa linashuka mgongoni, naamini lilipita juu ya neno KASISI lote. Nilipofika kwa mbwa, Mzee Mutiso aliinamisha kichwa upande mmoja kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu. Nikamalizia ukurasa wa tano mbio mbio, mzee akaokoka kwa pumzi moja, na ukumbi ukalipuka. Vigelegele! Mama Shiro akasimama akicheza bega! Na Mzee Mutiso, jamani, naye akapiga makofi. Kwa heshima, polepole, akitikisa kichwa kwa huruma.

Nikaelewa. Hakujua ni yeye! Jina nilikuwa nimelimeza kila mara nilipolifikia, naye alikuwa amesikia habari za mzee fulani, mahali fulani. Nimepona! Mwalimu Naserian alikuwa tayari amevuta bahasha, cheti kimechungulia nusu, nikaliona jina langu kwa maandishi ya kupendeza. Nikanyoosha mkono.

"Kabla ya hapo," akasema Pasta Kamande kwenye kipaza sauti, "si vizuri mgeni atoke mbali hivi na asisalimie watu."

"Mzee amechoka!" nikasema. "Safari! Jua!"

"Hata dakika mbili tu," akasema Kamande, na kipaza sauti kikaenda.

Mzee akasimama. "Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Mimi ni Mutiso. Natoka Kajiado. Huyu mama alikuja kwangu."

Kisha Mama Shiro, rafiki yangu wa miaka kumi na mbili, akaruka juu. "Ndiye huyo! Ndiye ule aliokoka!" Vigelegele upya. Akina mama wawili wakaenda kumkumbatia.

Mzee akangoja wamalize. "Kuokoka?" akasema. "Mimi niliokoka kabla huyu mama azaliwe. Ni mimi hupiga kengele ya kanisa kwetu."

Vigelegele vikafa kimoja kimoja.

"Na mbwa anaendelea aje?" akauliza Kamande, akidhani anasaidia.

"Sina mbwa. Mbwa inakula kuku."

Nilitafuta mahali pa kuangalia. Niliangalia keki. Mzee akanigeukia, na naapa hakuwa na dhihaka hata kidogo, alikuwa na wasiwasi wa kweli. "Mama, huyo mzee umesoma hapo, ni wa wapi?"

Nikageuza kurasa zangu kama mtu anayetafuta anwani.

"Maanake huyo ako na shida kubwa sana. Mpaka anashika mgeni mikono? Mrudie huyo haraka."

Wakacheka mpaka viti vya plastiki vikalia. Kamande alikaa chini. Vijana wa mlangoni walitoka nje kabisa. Mama Shiro alijifunika uso kwa kitambaa nilichomshonea. Mtu mmoja tu hakucheka, naye ni Mwalimu Naserian. Alingoja wanyamaze.

"Mama Kui. Mzee alisema nini siku hiyo? Neno kwa neno."

Sauti yangu ilitoka nyembamba. "Alisema, 'Kaa. Chagua.' Halafu, 'Mawe ni mengi.' Halafu, 'Hiyo ni jiwe.' Halafu, 'Asante. Enda salama.'"

"Na wewe ulifanya nini?"

"Nilichagua ndengu."

"Kwa muda gani?"

"Saa moja na nusu."

Akaweka penseli chini. Nilidhani sasa ndiyo ananimaliza, lakini Mzee Mutiso akainua mkono kama mwanafunzi.

"Mwalimu, hiyo ndiyo imenileta. Tangu mama aende, watu wanakuja kuniambia. Huyu mistari ya Biblia, huyu ati nioe, huyu ati nihamie kwa kijana yangu. Huyu alikaa." Akaangalia kofia yake. "Hizo ndengu ni mama alipanda. Ndio za mwisho yake. Kila siku nilikuwa natoa gunia, naanza kuchagua, nashindwa, narudisha. Sikuwa naweza peke yangu."

Akaingiza mkono kwenye kiondo akatoa mfuko, umefungwa kwa kamba. "Tulichagua wawili, kwa hivyo nusu ni yako." Akaingiza mkono tena. "Na hii ulisahau."

Pakiti yangu ya tishu. Haijafunguliwa.

Niliifungua hapo hapo mbele ya watu, kwa sababu mtu pekee aliyelia katika habari hii yote alikuwa mimi, na niliyalia machozi ya kurasa tano. Nililia aibu, nikamlilia na Baba Kui ndani yake. Mzee alisimama karibu na mimi mpaka nikamaliza. Hakusema kitu.

Mwalimu Naserian akanivuta kando, nami nikakiri kwamba ripoti ya kweli ilikuwa ya mistari sita. Hata hapo hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angepiga kelele.

"Ungeniletea ile ya mistari sita," akasema, "ungekuwa wa kwanza darasani. Hii siwezi kuitia sahihi. Mtu akikuambia siri yake wodini, nitajuaje hutamwongezea mbwa?"

"Mwalimu, na Jumatatu? Hospitali?"

"Jumatatu utashona." Akarudisha cheti kwenye bahasha, akaifunga, akaiweka chini ya meza. "Nitawaambia hospitali wangoje. Wakikubali kungoja, sawa. Wakichukua mwingine, pia ni sawa. Rudi Kajiado, ukae tena na mzee kama atakubali. Uniandikie kilichotokea."

Nikamwendea Mzee kumwomba msamaha. Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu, na pole, na sababu zake. Akainua kiganja. "Kuja tu," akasema. "Kuna kunde."

Keki ilikatwa hata hivyo, kwa sababu Mama Shiro alisema keki haina hatia. Ilikuwa imeandikwa HONGERA KASISI MAMA KUI. Kipande chenye neno KASISI akampa Mzee Mutiso kwa mikono miwili, naye akakila chote. Mimi nilipewa HONG. Koti nililigeuza ndani nje, nikaenda nyumbani hivyo, mishono yote ikionekana.

Basi nimefika, nimebandika ndengu za yule mama motoni, na barua ya hospitali bado iko ukutani, sijapata moyo wa kuibandua. Mwanangu Kui amerudi, amepakua, ametafuna mara moja tu akashika shavu.

"Mathe! Nini hii?"

Nikaangalia kiganjani mwake. "Hiyo ni jiwe," nikasema. (Ni la kwenye sinia yangu, sina shaka. Siku ile nilichagua kwa hasira.)

Jumamosi naenda Kajiado. Mnaotaka kucheka, chekeni, mimi mwenyewe nikimkumbuka Kamande na mbwa nashindwa kujizuia. Ila nimeisoma habari hii tena tangu juu kabla ya kuwatumia. Neno kwa neno. Hakuna mbwa.